Kamba ya Kitanda cha Saba

Mkaguzi amefika Pongwe na fomu ya kurasa sita.
Yeye anauliza, mimi najibu.
Sakafu ni kavu? Tangu alfajiri.
Vitanda vina kingo? Vinne vinazo, tisa havina.
Dawa hutolewa kwa kuuliza jina kwanza?
Mara mbili, maana tuna akina Saidi watatu
na mmoja wao huitikia jina lolote.
Mwaka huu, kuna mzee aliyeanguka?

Kalamu yake tayari imeelekea kwenye sifuri.

Mwaka jana iliandikwa sifuri.
Sifuri ile ina makaburi mawili nyuma ya kisima.

Andika moja, bwana. Andika Ntahondi.
Usiku wa Jumanne, mvua za vuli, umeme hakuna,
toka kitanda cha saba hadi chooni hatua ishirini na mbili
(nilizihesabu baadaye, usingizi uliponikimbia).
Ndala zake zimelika visigino.
Hakuniita. Watu wa mkonge hawaiti mtu:
alitoka Kasulu kijana, na karatasi ya manamba,
akakata majani miaka thelathini na mmoja,
na kule anayelalamika hapigiwi tiki kwenye kipande.
Nilimkuta amekaa majini, ameshika nyonga.
"Samahani, Mwantumu," akasema, "nimekuongezea kazi."

Msimamizi akaniambia: andika, sababu ni uzee.

Uzee haumwagi maji.
Ndoo ilikuwa na ufa, na mimi ndiye niliyeiacha mlangoni.
Nikaandika hivyo kwenye daftari la zamu, kwa wino, kwa jina langu,
kisha nikakunja kanga zangu kwenye mfuko wa rambo
nikisubiri kufukuzwa.
Sista Shemndolwa akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.
"Ndoo zenye ufa ziko ngapi?"
Tatu.
Akazitoa nje mwenyewe, akazikanyaga moja moja,
kuku wa jirani wakaruka ua.
Mfuko wangu bado uko chini ya meza.
Sijatoa kanga zote.

Ntahondi alirudi kutoka Bombo na chuma ndani ya paja
na ombi moja tu: singa za katani.
Akaketi barazani na Likwembe, siku tisa wakisokota,
Likwembe juu ya paja lolote,
yeye juu ya lile lisilo na chuma.
Katani ileile iliyowachana viganja
sasa imepita ukutani, kitanda hadi kitanda,
fundo moja kila hatua,
mafundo mawili penye kizingiti,
na Bi Mkasi, ambaye macho yalimwacha zamani,
huisoma kwa dole gumba
kama mwenye haraka ya kumaliza tasbihi.

Mkaguzi anaigusa kwa ncha ya kalamu.
Kamba haimo kwenye fomu, anasema. Mtu anaweza kunaswa.
Kweli, anaweza.
Ndiyo maana imefungwa usawa wa kiuno, na imekazwa.
Ndiyo maana niliining'inia mimi kwanza,
kilo zangu themanini na nne, mbele ya Sista,
kabla mzee yeyote hajaishika.
Leteni vyuma, bwana, tutaifungua siku hiyohiyo.
Anaandika kitu pembeni, nje ya visanduku.
Mwandiko wake siusomi.

Jambo moja hakuuliza, nami sikusema.
Kwenye ncha ya kamba, karibu na godoro langu,
nimefunga kopo la maziwa lenye kokoto tano.
Saa tisa usiku hutikisika.
Ntahondi haiti mtu, hata leo.
Kopo humwitia.
Nanyanyuka, napapasa tochi, nasema gizani:
taratibu, babu, hapo ni fundo la tatu, nakuja.
Naye hukasirika kidogo, kila usiku,
nimejuaje.